Geti Linafungwa Saa Moja

Kwenye kona ya kanisa, mkabala na geti la sekondari, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo ndipo Bi Eneida anapouzia kahawa: chupa nne ndani ya toroli, sukari imeshatiwa humo humo, maana mtu wa mto Atrato haijui kahawa chungu. Jumapili ile, siku ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wateja wake wa kila siku walikuwa wameshakaa tangu alfajiri. Alikuwepo Wakili, ambaye aliwahi kufagia mahakamani miezi mitatu na tangu hapo hajaacha kutoa hukumu. Alikuwepo Askofu, muuza tiketi za bahati nasibu, ambaye kanisani haingii hata mvua inyeshe. Na Injini, fundi wa mashine za boti, mtu wa maneno machache na kucha nyeusi. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wakiingia getini wawili watatu, penseli mkononi. Geti lingefungwa saa moja kamili. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo, na Yarlenis, bintiye Bi Eneida, alikuwa bado hajapita.

— Huyo wa ngapi? — aliuliza Wakili.

— Wa arobaini na tatu, — alijibu Askofu. — Nimehesabu mwenyewe. Mtoto wa mama hapa bado.

Bi Eneida alikuwa akimimina. Kahawa ikapita mdomo wa kikombe na kumchoma Askofu vidole.

— Aa! Mama, unaniunguza!

— Samahani, baba. Mkono umeteleza.

Wakili alijikohoza, kama kawaida yake anapotaka kusoma hukumu.

— Mimi nilisema tangu Februari. Mwaka wa mwisho wa shule si wa mchezo. Mtoto ana akili kama wembe, lakini mwaka mzima ni ngoma ya bendi tu. Ukipita asubuhi, pa-ra-pa-pa. Ukipita jioni, pa-ra-pa-pa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyo keshakauka, wa kukaangwa tu.

— Acha zako, — Askofu alidakia. — Mwaka wa mwisho ni wa kula raha. Ukitoka hapo maisha yanakungoja mlangoni na rungu. Mimi mwaka wangu wa mwisho nilicheza mpaka viatu vikatoboka.

— Wewe mwaka wa mwisho hukuufikia.

— Niliukaribia!

— Ndiyo maana unauza bahati ambayo wewe mwenyewe haijawahi kukuangukia.

Injini alicheka puani. Bi Eneida hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa mlinzi wa geti, kijana mgeni aliyeletwa kwa ajili ya mtihani, aliyekuwa akitazama saa yake kila mara.

Ilipofika saa kumi na mbili na nusu, wanafunzi walianza kuja mmoja mmoja, mbio mbio.

— Mimi nawaambieni, — Askofu alishusha sauti, sauti ambayo hata kanisani ingesikika, — yule mpiga tarumbeta, yule mrefu, Heyler. Na yeye sijamwona. Boti ya kwenda Turbo, kule baharini, iliondoka jana jioni. Jumlisha mwenyewe.

— Ebo! Mtoto atoroke siku ya mtihani?

— Mapenzi ni kikohozi, bwana. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia tu. Penye nia pana njia.

— Basi mimi nina kubwa kuliko hiyo, — alisema Wakili, akausogeza mwili mbele. — Kuna watu mijini wanatafuta watoto wenye akili. Wanamchukua mtoto, halafu anakalishwa kwenye kiti cha binti wa tajiri, afanye mtihani kwa jina la huyo binti. Binti wa tajiri anatoka na alama zote. Huko mahakamani niliyaona mafaili.

— Uliyaona ukiyafuta vumbi.

— Vumbi nalo ni ushahidi! Asiyefunzwa na mamaye...

Alijikatiza hapo hapo. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Bi Eneida alihisi kama mtu amemgusa kidonda kwa kidole chenye chumvi.

— Bi Eneida, — Injini aliuliza taratibu, — si umpigie simu?

Mkono wa Bi Eneida ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa aproni.

— Haipatikani, — alisema.

Mfukoni mlikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya Yarlenis. Alimnyang'anya wiki mbili zilizopita ili asome. Na jana jioni, binti alipobeba fimbo za ngoma akisema bendi inapiga mara ya mwisho, kwamba darasa lile halitakutana tena hivyo mpaka Kiama, mama alisimama mlangoni akatamka jambo. “Ukivuka kizingiti hiki leo, usikivuke tena kurudi.”  Yarlenis akavuka, sare ya shule mkononi, imekunjwa vizuri.

Hakurudi. Na mama usiku kucha hakuufunga mlango, wala hakutoka kumtafuta. Alijiambia atakuja mtihanini tu, atapita hapa mbele ya benchi, nitamwona, yataisha.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mama mmoja mwenye viatu vya mpira, ambaye alikuwa ametoka kumwingiza mpwa wake getini, alivuka barabara na kuomba kahawa. Alikuwa mgeni, ametoka Istmina kwa basi la usiku. Alikunywa amesimama, akisikiliza Turbo, tajiri, mafaili na tarumbeta.

— Samahanini, wazee wangu, — alisema. — Huyo binti, jana alilala wapi?

  Walikuwa wamezungumza karibu nusu saa, wameshampeleka mtoto wa watu hadi baharini, na hakuna aliyeuliza hilo. Wote watatu wakamgeukia Bi Eneida.

— Sijui, — alisema Bi Eneida.

Akatoa simu ya binti yake na kuiweka juu ya kifuniko cha toroli, mbele ya wote.

— Nilimfukuza, — alisema. — Jana. Kwa mdomo wangu huu.

 Injini alikuwa ameshasimama.

— Ngoma nilizisikia ng'ambo ya mto mpaka nikasinzia, — alisema. — Kwa bibi yake Heyler. Watakuwa walilala huko wote. Na ng'ambo kuna boti moja tu Jumapili, ile ya mzee Baudilio, na mashine yake naijua. Ni mgonjwa. Twende.

— Na kahawa? — aliuliza Askofu.

Bi Eneida alikuwa ameshafika nyuma ya kanisa, anashuka ngazi za gatini, ndala mkononi.

Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unashusha magogo. Waliingia kwenye boti ya Injini, naye akavuta kamba mara mbili, mashine ikaitika. Hawakuwa wamefika hata nusu ya mto, wakawaona. Kule chini, mbali na mahali pa kuvukia, mtumbwi ulikuwa ukichukuliwa na maji, na ndani yake watoto saba wenye sare wanapiga kasia kwa ubao, kwa kifuniko cha sufuria, kwa viganja. Mzee Baudilio alikuwa ameinamia mashine iliyokufa, anaitukana. Mbele kabisa, amepiga magoti, yuko Yarlenis akihesabu kwa sauti ili wote wavute pamoja.

— Moja! Mbili! Moja! Mbili!

Alipomwona mama yake alinyamaza. Kisha akaendelea kuhesabu.

Injini alirusha kamba. Wakavutwa, mtumbwi nyuma ya boti, mama huku, binti kule, mashine ikinguruma katikati yao, hivi kwamba hata kama mtu angetaka kusema, asingesikika. Bi Eneida aliikodolea macho kamba isije ikakatika.

Kengele ya kanisa ilianza kulia walipokuwa kwenye ngazi. Injini akabaki na mzee Baudilio kufunga boti; wengine wakakimbia, watu wanane, maji yanachuruzika.

Geti lilikuwa wazi kwa upana wa mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa Wakili. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, kidole juu, akimhutubia mlinzi:

— ...kwa hiyo kijana, saa moja ni ipi? Ni ya kengele ya kwanza au ya mwisho? Sheria haikutaja! Haraka haraka haina baraka!

— Mzee, toa mguu.

— Nautoa, mwanangu, nautoa, lakini una baridi yabisi, unatoka polepole.

Askofu alikuwa amekamata upande wa pili wa geti, akiwaomba kwa sauti watakatifu ambao hajawahi kuwataja.

Watoto walipita chini ya mkono wa Wakili, mmoja mmoja. Heyler. Mapacha wa fundi seremala. Yarlenis aliwasukuma wote mbele, akawa wa mwisho. Bi Eneida alimshika kiwiko.

— Umekula?

— Hapana.

— Yarlenis, jana mimi nili...

— Nilisikia, mama. — Sauti yake haikuwa na hasira, wala haikuwa laini. — Nikitoka saa sita tutaongea. Na mimi ninayo ya kusema.

— Nitakuwa hapa.

Binti aliitikia kwa kichwa, akaingia. Kengele ilinyamaza. Wakili alitoa mguu, na geti likafungwa kwa mlio wa chuma.

Walirudi kwenye benchi wakihema. Mama wa Istmina alikuwa amelinda toroli. Askofu alinyoosha kikombe.

— Bi Eneida, nimiminie basi, koo limekauka kwa sala.

— Kahawa imekwisha, — alisema Bi Eneida, ingawa chupa mbili zilikuwa nzito bado.

 Walisogea pembeni wakampa nafasi, naye akakaa kwenye benchi, uso kwa geti, kungoja saa sita.