Mwalimu Dorkasi na Wanafunzi Waliouliza Swali

Ndugu waombolezaji, mimi ni Anitha, mtoto wa kwanza wa marehemu, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mama yetu, Mwalimu Dorkasi Sila Mazengo, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1968 hapa Mlali, akasoma shule ya msingi hapa hapa, kisha sekondari Dodoma mjini, na mwaka 1990 akahitimu chuo cha ualimu.

Tarehe 21 Agosti 1993 alifunga ndoa na baba yetu, Daudi Chidawali, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Denis.

Mama alifundisha somo la uraia, na mwaka 2015, akiwa katika sekondari ya kata wilayani humu, alianzisha mafunzo ya uongozi kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, kila Jumamosi asubuhi, wakajifunza kuendesha kikao, kuandika muhtasari, na kusema mbele ya watu wazima bila woga wala utovu wa adabu.

Mei 2017 wanafunzi wake kumi na wawili walikwenda ofisi ya kijiji, wakaamkia, wakauliza kwa nini mkutano wa kijiji ulikuwa haujaitishwa kwa miezi kumi na minne, huku kisima kikiwa kibovu na mama zao wakichota maji korongoni. Mama aliitwa kikaoni na viongozi wa kijiji, akatakiwa awaandikishe barua ya kuomba radhi, naye akajibu, "Wazee wangu, watoto hawa wakiomba radhi kwa kuuliza, Jumatatu nitawafundisha nini? Barua hiyo haitaandikwa." Wiki sita baadaye mkutano uliitishwa, kisima kikatengenezwa, na mama akahamishiwa Kondoa.

Jana tuliombwa, tena na watu tunaowaheshimu, turuke sehemu hiyo, lakini familia ilikaa ikakataa, kwa sababu mama aliiandika kwa mkono wake akiwa wodini.

Kondoa alianza upya na wanafunzi saba, akanyimwa darasa, ndipo imamu wa msikiti wa jirani, Sheikh Mudrick, akawapa baraza la madrasa, wakakaa hapo miaka miwili, na mmoja wao, Bilkis Abdulrahim, leo ni mwenyekiti wa kitongoji chao, na yuko nasi hapa.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Dodoma na Dar es Salaam, akaendelea kufundisha kila alipopata nguvu, hadi Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, alipofariki akiwa na miaka 57.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa Area D, Dodoma mjini, tulikomuuguza, walimu wenzake, Sheikh Mudrick, na hata wazee wa kikao kile mliofika leo, karibuni mkae, mama hakuwa na kinyongo nanyi, ila jibu lake halijabadilika.

Jumamosi ijayo saa tatu wanafunzi wanakutana Kondoa, Bilkis ndiye atakayefundisha, na hakuna aliyeombwa ruhusa. Wewe pumzika kwa amani, Mwalimu, sisi bado tuna kazi.