Masomo Yasiyokwisha

Benchi lao lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, ubavuni mwa duka lililofungwa siku nyingi, na asubuhi ile lilikaliwa na wanaume watatu wenye nyuso za msibani. Aliyeleta msiba ni Fundi Saa. Bintiye wa pekee kapata nafasi mbili chuo kikuu: uhasibu, na kitu kingine kinaitwa uendelevu. Mwisho wa kuchagua ni leo mchana, mtoto anakitaka hicho kitu kingine, ila kasema hachagui bila radhi ya baba. Basi baba kalipeleka jambo kwa wenzake, watu wasioamini utabiri wa mvua hata wakiwa wamelowa.

— U-nini? aliuliza Taipu, ambaye zamani aliwapigia watu barua kwa taipureta nje ya mahakama.

— Uendelevu.

— Ngoja. Kiswahili usinifundishe mimi. Kuendelea ni kutokoma. Kwa hiyo haya ni masomo yasiyokwisha! Huyo binti atazeekea darasani, na wewe utampelekea sabuni mpaka uingie kaburini.

Fundi Saa alipuliza kahawa yake. Hilo hakuwa amelifikiria.

— Yeye anasema ni kutunza vitu vidumu. Maji, ardhi, hewa.

— Hewa! alidakia Kamera, aliyekuwa akisafisha picha kwenye chumba cha giza enzi za mkanda. Hewa nayo ina shahada? Umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

— Watajifunza na kupima taka. Eti kujua kitu kikitupwa kinaishia wapi.

Kamera aliangaza huku na huku, akashusha sauti.

— Unaona? Ushushushu huo! Ukishapekua taka za mtu umemjua: anakula nini, anameza dawa gani, barua za nani anazichana. Mwanao anafundwa ujasusi, ndugu yangu, na wewe umekaa hapa unapuliza kahawa.

— Na lingine? aliuliza Taipu, macho kodo.

— Lingine ni kukaa na watu wasioelewana mpaka wapate neno moja. Wanaita kushirikisha jamii.

Kahawa ilimpalia Taipu.

— Mungu wangu! Wewe ulishawahi kushirikishwa ukabaki na kitu? Mimi nilishirikishwa siku mahakama inaleta kompyuta. Tukapewa soda, tukapigwa picha, kesho yake nakuta meza yangu iko nje ya geti.

— Nani aliwapiga hizo picha? aliuliza Kamera.

— Si wewe, Kamera!

— Mimi nilitumwa tu.

Fundi Saa hakucheka. Aliogopa, basi. Mtoto huyu kamlea peke yake tangu mama yake afariki, na aliogopa asije akarudi na maneno mageni, wakabaki kuulizana habari za hali ya hewa tu. Uhasibu angalau anauelewa.

Binti mwenyewe akatokea, simu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia, wakimkagua kama mtu aliyetumwa na serikali.

— Baba, muda unakwisha.

— Chukua uhasibu, mama'angu. Ile ni kazi ya uhakika.

— Uhakika kabisa! walidakia wenzake.

Hakubisha. Alichuchumaa mbele ya baba yake.

— Sawa. Nitajieni kazi moja tu mnayoweza kuapa kwamba itakuwepo nikifika umri wenu.

Kamera alimtazama Taipu. Taipu alianza kuchunguza vidole vyake. Hata mama muuza kahawa wa pembeni ya benchi aliacha kugonganisha vikombe, naye akasubiri jibu.

Fundi Saa aliinama, akauona mkono wa bintiye ulioegemea goti lake. Mtupu. Mtoto wa fundi saa, na saa anaitazama kwenye simu. Ilimuuma, tena sana, na asingeweza kumlaumu mtu.

— Kachague unachokitaka, alisema mwishowe. Radhi unayo.

— Kweli, baba?

— Kweli. Ila hilo swali usije ukawauliza walimu wako huko. Watakurudisha nyumbani.