Meli Haina Shangazi: Tunamuaga Mama Mapema wa Dawati la Mipango

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, ni siku ya mwisho kazini ya mwanamke ambaye ofisi nzima, wateja, na hata walinzi wa bandarini wanamjua kwa jina la Mama Mapema. Amelitumikia Dawati la Mipango kwa miaka ishirini na tisa, akiwapangia watu safari za meli za kifahari: hoteli watakayolala kabla ya kupanda, chumba watakachokaa humo melini, na matembezi watakayofanya kila meli inapotia nanga. Mimi ninayeandika nimekaa meza inayotazamana na yake kwa zaidi ya miaka kumi. Uongozi umeniomba niandike wasifu wa kuchapwa kwenye ratiba ya leo na kusomwa ukumbini, tena niandike kwa furaha. Furaha ipo, kwa sababu ukikaa karibu na Mama Mapema huwezi kuikosa. Ila hasira nayo ipo. Jina la mtu huyu limechafuliwa katika ofisi hii, na nauandika wasifu huu ili lisafishwe kabla hajatoka mlangoni.

Alianza kama mpokea simu, enzi hizo ofisi yetu ikiwa vyumba viwili juu ya duka la viatu na ngazi zote zikinuka gundi. Wakati huo tulikuwa tunauza tiketi ya meli, basi. Mteja alikabidhiwa tiketi yake, akatakiwa kila la kheri, akaachwa ajijue. Siku moja mwalimu mstaafu na mkewe walikuja kuchukua tiketi zao, na yule mpokea simu akawauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza mle ndani: "Mkishuka kwenye ndege, mtalala wapi?" Mzee akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Walikuwa wamepanga kulala kwenye viti vya uwanja wa ndege. Kabla ya saa ya chakula alikuwa amewatafutia hoteli karibu na gati, yenye lifti na mtu wa kuwabebea mizigo. Haukupita muda, bosi akamhamishia kwenye meza ambayo baadaye ikawa Dawati la Mipango.

Hapo ikazaliwa sheria yake: hakuna kupanda meli siku ile ile uliyoshuka kwenye ndege. Mteja afike mapema, alale usingizi wa maana, sanduku lililopotea lipate muda wa kumfuata, na miguu iliyovimba irudi kuwa miguu. Waliobisha aliwajibu kwa maneno matatu: "Meli haina shangazi." Yaani haina ndugu wa kubembelezwa ili ikusubiri. Ndege ikikuacha, utapanda nyingine. Meli ikikuacha, imeondoka na kitanda chako, chakula chako, na suti uliyoshona kwa ajili ya mlo wa jioni na nahodha.

Jina la Mama Mapema alilipata kwa jasho. Katika miaka yake ya mwanzo aliwahi kuwapeleka wateja gatini asubuhi mbichi, meli yenyewe ikiwa bado nukta huko mbali baharini. Mlinzi akatoka kibandani, akaitazama foleni ya watu waliovalia vizuri wakiwa wamekalia masanduku yao, akauliza, "Samahani jamani, nyinyi mmekuja kuipanda hiyo meli au kuijenga?" Kisa hiki anakisimulia mwenyewe, na kila akikisimulia foleni inazidi kuwa ndefu.

Matembezi ya nchi kavu hakuyauza kwa kusoma vipeperushi. Aliyapima kwa magoti ya mama mkwe wake. Mama mkwe huyo, Mungu amrehemu, alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Kila kampuni iliyoandika kwamba matembezi yake ni mepesi na yanafaa watu wa rika zote ilijikuta inampokea kikongwe mwenye mwavuli, na mkaza mwanawe nyuma yake. Mama mkwe akifika mwisho bila kukaa chini, matembezi yanauzwa. Akikaa mara moja, wateja wenye umri wanaonywa. Akikaa na kuanza kuuliza, "Hivi mwanangu alioa nini?", matembezi hayo hatuyauzi kabisa. Kuna mnara mmoja maarufu ambao hadi leo hatumpeleki mtu, na wenye mnara hawajui kwamba walifeli mtihani kwenye ngazi za mwanzo tu.

Halafu kuna habari ya saa. Melini kuna saa yake, na nchi kavu mara nyingi kuna saa nyingine. Abiria akishuka na kuirekebisha saa yake ifuate ya mji, anaweza kujiona ana nafasi ya kununua kofia, kumbe huko ngazi ya meli inapandishwa. Mama Mapema alimhubiria kila mteja: saa yako ni ya meli, mji una saa yake, usiiguse. Mkurugenzi wetu wa zamani, akiwa kwenye safari ya ukaguzi, aliyacheka mahubiri haya mbele ya watu. Siku hiyo hiyo alionekana akikimbia gatini, kofia mpya kichwani na nyingine mkononi, akipunga kwa nguvu, na abiria huko juu wakimpungia pia wakidhani anawaaga. Aliikuta meli bandari iliyofuata, baada ya safari ya basi ambayo hapendi kuulizwa. Lakini yule alikuwa muungwana. Aliporudi hakutafuta wa kumlaumu. Alimwita fundi rangi, akaandikisha ukutani kwa herufi kubwa: MELI HAINA SHANGAZI. Ukuta huo ulipakwa rangi nyeupe mwaka juzi kwa amri ya Meneja wa Mauzo, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amefika na alisema maneno yale yanatisha wateja.

Ni hapa ambapo rasimu yangu ya kwanza ilirudishwa ikiwa na mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Niliambiwa niruke moja kwa moja hadi kwenye shukrani, kisha niweke picha. Rasimu hii ya pili sikumwonyesha mtu. Niliipeleka kwa mchapaji mwenyewe, na kama kuna wa kuitwa ofisini Jumatatu, ni mimi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Huyu wetu mmemnyonga, na haki yake mmekaa nayo.

Mwaka jana wajukuu wa bibi mmoja, mjane wa mpishi wa meli, walitaka kumpandisha bibi yao meli. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa akimsindikiza mumewe hadi gatini na kurudi nyumbani na watoto. Ndani ya meli hakuwahi kutia mguu. Mama Mapema aliipanga safari ile kama vile ni ya mama yake mzazi. Alimtafutia hoteli yenye kitanda kifupi, chumba jirani na lifti, siku mbili za kupumzika kabla ya kupanda, na katika kila bandari matembezi ambayo hata marehemu mama mkwe angeyamaliza kimya. Meneja wa Mauzo akazifuta zile siku mbili. Alitaka tangazo lake jipya liseme "Asubuhi nyumbani, jioni baharini," na Bibi na wajukuu wake wawe wa kwanza kusafiri hivyo. Mama Mapema alimpinga kwenye kikao, sote tukiwepo.

"Mama, wateja wa siku hizi hawana muda wa kulala hotelini wakitazama dari," Meneja alisema.

"Basi huyu atasimama bandarini akitazama mgongo wa meli," akajibiwa.

Kikao kikaangua kicheko. Meneja naye akacheka, halafu akapitisha alilotaka, maana mwenye nguvu mpishe.

Asubuhi ya safari ukungu ulitanda na ndege ikachelewa kuruka. Familia ilifika gatini wakati kamba za mwisho zinafunguliwa. Bibi alikuwa na gauni jipya la bluu na viatu ambavyo wajukuu walimkataza asivivae mpaka siku hiyo. Mjukuu mkubwa ndiye aliyetupigia simu. Alisema Bibi hakulia. Alisimama kwenye uzio, akapunga mkono kama alivyozoea kumpungia mumewe, kisha akasema, "Haya, twendeni nyumbani." Mama Mapema alipoiweka simu ile alilaza kichwa mezani. Sijawahi kumwona hivyo kabla wala baada ya siku hiyo, na nikikumbuka bado nachemka.

Ofisi ilifanya nini? Ilibandika tangazo mapokezi, mahali ambapo kila mteja analisoma akisubiri zamu yake, na familia ya Bibi ikaelezwa hivyo hivyo: safari iliharibika kwa uzembe wa Dawati la Mipango. Uzembe! Mtu anayefika gatini kabla ya meli anaitwa mzembe, na aliyefuta siku za mapumziko anapandishwa cheo! Mama Mapema alihamishwa kutoka meza yake ya dirishani, akawekwa ubavuni mwa mashine ya kutoa nakala, ambako kila mwenye karatasi alilazimika kumwomba asogeze kiti. Na sasa ukurasa wa kwanza wa ratiba hii unasema anastaafu kwa hiari yake, ili kupisha damu changa. Umri wake wa kustaafu ulikuwa bado. Mtu ukimsukuma hadi mlangoni, kisha yeye akashika kitasa mwenyewe ili asiangukie mlango, hiyo nayo mnaiita hiari? Aibu hamna?

Yeye hakugombana na mtu. Alichukua likizo yake, akakaa nyumbani na simu, akaanza kumtafutia Bibi meli nyingine. Familia ilikuwa imeshaambiwa mkosaji ni nani, kwa hiyo walimkatia simu. Akapiga tena. Wakamkatia tena. Mwishowe akapokea Bibi mwenyewe, akamuuliza bila salamu, "Wewe ndiye uliyefanya tukaachwa na meli?" Mama Mapema angeweza kumtaja Meneja, na angekuwa amesema kweli tupu. Alijibu tu, "Mimi ndiye nitakayekupandisha, Bibi."

Na alimpandisha. Bibi alifika mapema, akalala vya kutosha, akapanda ngazi ya meli kwa miguu yake na kukataa kushikwa mkono. Jambo la kwanza aliloomba melini ni kuonyeshwa jiko. Alisimama humo akiyakagua masufuria, mpaka wapishi wakampa kijiko aonje mchuzi. Alisema chumvi haijakolea, na wakaongeza. Ukweli kuhusu ile safari ya kwanza aliupata kwangu baadaye. Sikumtuma mtu, nilimpigia mwenyewe. Leo yumo humu ukumbini, safu ya mbele, na mjini aliingia juzi.

Kwa hiyo zipokee shukrani zetu, Mama. Asante kwa vitanda vya hoteli ulivyovilalia wewe kwanza kabla ya kumlaza mteja. Asante kwa maharusi uliowabadilishia chumba kilichokuwa juu ya injini, na kwa wajane uliowaombea meza yenye watu wanaoongea. Asante kwa vijana wote uliowafundisha kumuuliza mteja anaogopa nini kabla ya kumuuliza anapenda nini. Wengi wao sasa wana madawati yao katika ofisi nyingine, na wamekuja leo bila kualikwa.

Wiki iliyopita nilimuuliza angependa tumpe zawadi gani. Alijibu hivi: "Sitaki kitu cha kubeba. Nikipita mtaani watu wananinyooshea vidole, yule ndiye aliyefanya bibi wa watu aachwe na meli. Mjukuu wangu ameulizwa shuleni. Nataka mtu mmoja aseme mbele ya watu kwamba haikuwa mimi." Alisema hayo huku akifunga vikombe vyake kwenye gazeti, bila kunitazama.

Mkurugenzi wetu wa sasa, kwa mujibu wa ratiba, baada ya wasifu huu inafuata hotuba yako. Lile tangazo la mapokezi lina sahihi yako, si ya Meneja. Hatukuombi umtaje mtu wala umfukuze mtu. Saa ya ukutani mliyomnunulia ni nzuri, na ataipokea kwa adabu kwa sababu amelelewa. Lakini umesikia anachotaka, na Bibi amekaa mahali anaposikia vizuri.

Mama Mapema, tunakuombea afya, usingizi mzito, na siku ndefu zenye amani pamoja na wote wanaokupenda. Makofi yako tunayo mikononi. Mkurugenzi akishalisema lile neno, ndipo tutakapoyapiga.