Sauti ya Charity Nafula Iliyorekodiwa Kabatini

Wapendwa mliokusanyika hapa Sharafiya, Jeddah, na ninyi mnaotusikiliza kwa simu kutoka Kimilili, mimi ni Eddah, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Karatasi niliyoletewa iliandikwa na mumewe, Dominic, ikisema marehemu alipenda muziki, basi, nami nimeiweka kando.

Charity Nafula alizaliwa tarehe 14 Aprili 1989 Kimilili, kifungua mimba wa Mzee Alfayo na Mama Selipher, akasoma huko huko hadi kidato cha nne, mwaka 2007, na mwaka 2011, akiwa Nairobi, akaanzisha na Dominic bendi ya Kutu, iliyopiga posti-panki, muziki wa besi nzito na gitaa kavu, ambao wazee wetu waliuita kelele, naye akacheka tu. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 2013, wakajaliwa Maryann mwaka uliofuata.

Machi 2017 alikuja huku Saudia, Riyadh, akafanya kazi za nyumbani mtaa wa Malaz, kisha mwaka 2020 ikama yake, yaani kibali cha kuishi, ikahamishiwa kwa kafili, mwajiri mdhamini, wa hapa Jeddah. Kuimba hakuacha. Alasiri madam akilala, alijifungia kabatini katikati ya abaya, ili sauti isitoke nje wala isirudishe mwangwi, akajirekodi kwa simu, akamtumia Dominic aongeze gitaa, kwa makubaliano kwamba albamu itoke kwa jina la Charity.

Albamu ilitoka Agosti 2022, nyimbo tisa, ikiwa na jina na picha ya mwanamke mwingine, ambaye jukwaani huchezesha midomo tu. Charity aliigundua mwaka 2023 katika duka la simu papa hapa Sharafiya, muuzaji akijaribu spika, akamwambia kwamba sauti ile ni yake, akajibiwa yalla, haya upesi, anunue au awapishe wengine. Alipompigia Dominic, aliambiwa kwamba hakuna atakayelipa kiingilio kumsikiliza hausigeli. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuanzia Novemba 2024 aliugua figo, akalazwa mara tatu, akatuacha tarehe 2 Septemba 2025. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, madam wake aliyeshinda naye wodini, Robinson, dereva aliyetupa chumba hiki, majirani, na wafanyakazi wenzake waliokuja kwa basi kutoka Riyadh. Dominic hatumshukuru, na simu ya marehemu aliyoiomba, yenye nyimbo ambazo hazijatoka, hatumpi.

Maryann, mwanangu, unayenisikia kwa simu, umeambiwa mama yako alikuwa huku akifua nguo, na yule mwanamke wa kwenye albamu anayekuja kwenu umefundishwa kumwita shangazi, ukaimba nyimbo zake kwa moyo. Zote tisa ni za mama yako, hata pumzi unayoisikia kabla ya kila ubeti ni yake. Aliniomba nikwambie tangu mwaka 2023, nikaogopa kuvunja nyumba yake, nikanyamaza, akafa akingoja.

Dada Nafula, nimemwambia, pumzika sasa kwa amani.