Kitabu Kilichorudishiwa Samadi Yake

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Sekta yetu, Padri wetu mpendwa, ndugu mchapishaji uliyetoka Kigali na viatu vyeupe, pole sana, wazazi wenzangu, wanafunzi wangu wa darasa la nne, na wewe Mama Verediyana Mukankusi, uliyeketi hapo mbele ukinikataza nisikusifu: nawatakieni, kama ilivyo salamu yetu, ng'ombe wengi, na majike wawe wengi zaidi.

Tumekuja kuzindua kitabu cha picha kinachowasimulia watoto maisha ya msanii, na msanii mwenyewe ni jirani yetu. Kwa miaka hamsini na mitatu Mama huyu amekuwa akidamka, akichanganya samadi mbichi na majivu, akiipandisha kwa kidole juu ya ubao mpaka mistari isimame kama matuta ya viazi, kisha akiipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nani kati yetu hana ubao wake ukutani? Na nani aliwahi kumwambia mwanawe kwamba yule bibi ni msanii? Mimi sikuwahi, na nimefundisha nyuma ya zizi lake miaka ishirini.

Macho yake yalipoanza kufifia, nikasema niandike upesi, aione hadithi yake kwa picha. Nilichelewa. Mswada ulipokamilika alikuwa anaona mwanga tu, basi nikaenda kwake kumsomea.

Ndugu zangu, hapa naungama, na bahati nzuri Padri yupo. Niliogopa watoto wa mjini watacheka na wazazi wao watakifunga kitabu. Kila palipostahili samadi, niliandika udongo. Nikajiambia, haoni, atajuaje?

Ukurasa wa tatu tu, akainua mkono.

"Mwalimu, hebu rudia hapo."

Nikarudia: "Kila asubuhi Verediyana alichota udongo."

"Ng'ombe wa kwenu wanakunya udongo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mama, nilitaka kiwe na heshima kidogo."

"Heshima ya nani? Mama mkwe wangu alinishika kidole hiki akakitia kwenye samadi, nikawa mtu. Ukiitoa, huyo msichana wako simjui. Na jina langu usiliweke."

Akauchukua mswada, akaukalia, kisha akaniuliza kama nitakunywa maziwa.

Nililia njia nzima, sitawaficha. Sikulilia kitabu. Nilikuwa nimemwonea aibu mtu niliyekwenda kumheshimu.

Kesho yake nilirudi na beseni na darasa zima, watoto thelathini na wanane. "Mama," nikasema, "tufundishe." Nilidhani hata hawa watacheka; walishika pua dakika mbili tu, na baada ya hapo nilishindwa kuwaondoa. Mama akapita akipapasa mbao zao, huyu akimsifu, yule akimrekebisha, mpaka akafika kwenye ubao wa mwisho.

"Huu wa nani? Mstari umekwenda kama mlevi wa pombe ya ndizi!"

"Wangu, Mama."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, wewe endelea kuandika tu." Akaingia ndani, akaniletea mswada wangu.

Kitabu mtakachokishika leo kinaanza na neno samadi. Ndugu mchapishaji, najua ulikuna kichwa. Asante kwa kukubali.

Lakini karatasi ni bapa, na vidole vya Mama havikuti kitu. Kwa hiyo nakala hii moja watoto wameitengenezea jalada la ubao, kwa samadi na majivu. Mama Verediyana, nyoosha mikono upokee. Mistari iko thelathini na tisa. Thelathini na minane ni ya watoto. Mmoja umepinda, na wa nani utajua mwenyewe.

Kama tunavyoshukuru kwetu: umenipa ng'ombe, Mama. Nanyi nyote mlionivumilia, asanteni kwa masikio yenu.