Mama Futi: Miaka Thelathini na Minne ya Kusoma Magari hadi Mstari wa Mwisho

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, msimamizi wa usafiri wa hospitali yetu anastaafu baada ya kututumikia miaka thelathini na minne. Barua za ofisi zina jina lake kamili, lakini ukiuliza kwa jina hilo getini, mlinzi atakuambia hamjui. Muulize Mama Futi, naye atakuonyesha kidole mpaka kwenye chumba kile nyuma ya karakana, chenye dirisha lililozibwa kioo kimoja kwa boksi na rafu iliyopinda kwa vipeperushi vya magari.

Alianza kazi akiwa karani wa daftari za safari. Wakati huo hakujua kuendesha hata baiskeli. Kazi yake ilikuwa kuandika gari gani limekwenda wapi, limetumia lita ngapi na limerudi na nini kimevunjika. Karani mwingine angeandika na kufunga daftari. Yeye alianza kuuliza kwa nini magari mawili ya umri mmoja, yanayopita njia moja, moja linavunja springi kila mwezi na jingine halivunji. Fundi mkuu wa siku zile alichoka kumjibu, akampa ovaroli na kumwambia aingie chini ya gari akajionee mwenyewe. Aliingia. Alipotoka alikuwa na grisi mpaka masikioni, na maswali yalikuwa yameongezeka.

Mwaka wake wa tisa aliteuliwa kwenye kamati ya kuchagua gari jipya la wagonjwa. Tunalisimulia jambo hili kwa ruhusa yake, maana yeye mwenyewe amelisimulia kwa kila dereva mpya aliyepita mikononi mwake. Alilinganisha magari mawili kwa kuangalia injini tu. Lililokuwa na nguvu nyingi zaidi za farasi ndilo alilolipigania, na likanunuliwa. Lilikuwa refu, jeupe, linang'aa. Alilitembeza uwanjani siku ya kwanza kama bibi harusi.

Wiki ya tatu gari hilo liliitwa kwenye zahanati ya mlimani kumchukua mama mwenye uchungu uliokwama. Mvua ilikuwa inanyesha. Kwenye kona kali ya tangi la maji, chini kidogo ya zahanati, gari lilishindwa kukata. Dereva alirudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena, lakini urefu ule haukuingia kwenye kona ile. Mwishowe dereva, mume wa yule mama na mama mkwe wake walimbeba mgonjwa kwa machela, hatua mia nne kwenye tope mpaka lilipo gari. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Madaktari walimwambia Mama Futi huenda mtoto asingepona hata gari lingefika mlangoni. Hakuna aliyemlaumu. Hata hivyo alikwenda kuhani msiba, na mama mkwe akamkaribisha vizuri, akamkalisha, akamwambia, "Gari lenu zuri, mwanangu. Ila halikutufikia."

Jumamosi iliyofuata alinunua futi ya chuma ya mita kumi, akapanda mpaka kwenye kona ya tangi la maji na kuipima. Kisha akapima geti la zahanati, uwanja wake, na daraja lililo chini yake. Jumamosi nyingine akaenda zahanati ya pili. Kwa miezi minane alizimaliza zote kumi na tisa. Kwenye moja, mlinzi alidhani ni fundi wa mapazia akampeleka ofisini kwa mganga, naye kwa adabu yake akapima na dirisha, ndipo akaeleza shida yake. Huko ndiko jina la Mama Futi lilikozaliwa, na daftari lile la vipimo ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Tangu hapo wauzaji wa magari walijifunza kuja kwetu wamejiandaa. Mmoja alisimama mbele ya kamati akasifia sehemu nane za kuwekea vikombe. Mama Futi alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha miwani, akauliza, "Na mgonjwa analala wapi?" Yule bwana alifunua kipeperushi chake kurasa tatu, akakifunga. Mwandishi wa maelezo haya alikuwepo, na alilazimika kutoka nje kwenda kucheka.

Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: hakuwa mwepesi kufanya naye kazi. Alirudisha fomu kwa kosa la sentimita mbili. Aliwahi kupewa barua ya onyo kwa kuchelewesha ununuzi, akaisoma, akaitia saini kwamba ameipokea, akaendelea kuchelewesha mpaka apate jibu la swali lake.

Ukaidi huo tuliuona kwa macho miaka sita iliyopita, hospitali ilipotakiwa kuchagua aina moja ya gari kwa ajili ya magari manne mapya. Aina mbili zilibaki mezani. Ya kwanza ilikuwa na injini ya kutisha, skrini pana kama sinia na viti vya ngozi. Ya pili ilikuwa butu, na injini yake kwenye karatasi ilikuwa dhaifu kwa karibu robo. Wajumbe wote walikwishaamua, na mganga mkuu alikwishashika kalamu. Mama Futi akaomba dakika tano.

Aliandika ubaoni uzito wa dereva, muuguzi, mgonjwa na ndugu wawili: kilo mia tatu na hamsini. Akaongeza machela, mitungi miwili ya oksijeni, kabati la dawa na vifaa, tairi la akiba na jeki. Jumla, kilo mia sita na kumi. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho wa kipeperushi cha gari la kwanza, penye herufi ndogo ambazo hakuna aliyezisoma. Mzigo ulioruhusiwa ulikuwa kilo mia tano na sitini.

"Mama, gari hili limesifiwa na kila mtu," mganga mkuu alisema.

"Sipingani na sifa, daktari. Napingana na kilo hamsini."

Akawaeleza na mengine, bila haraka, kama anayesomesha darasa. Nguvu za farasi hukupa mwendo kwenye lami iliyonyooka, lakini kuondoka mlimani na mzigo kunataka nguvu ya kuvuta, tena ile inayopatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole. Gari la kwanza lilikuwa nayo, ila mpaka injini ipige kelele. La pili lilikuwa nayo tangu mwanzo. Na ile nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi, inayoandikwa kwa herufi kubwa, hupimwa gari likiwa tupu. Ukilipakia, linashuka.

Kamati iligawanyika. Mmoja alinong'ona kwamba mama huyu bado anaombolezea kona ya tangi la maji. Alimsikia. Alisema ndiyo, bado, na ndiyo maana anaomba siku moja tu ya majaribio. Mganga mkuu alikubali shingo upande.

Siku hiyo tulijaza mifuko ya mchanga, tukaipima kwenye mizani ya stoo mpaka uzito ukatimia. Ulibaki uzito wa mgonjwa tu. Mama Futi alimtazama mganga mkuu, mwenye kimo cha mlingoti. "Daktari, tunaomba ulale kwenye machela." Akalala, tai na yote.

Njia ilikuwa ileile ya zahanati ya mlimani. Gari la kwanza lilikuwa tamu kwenye lami. Kwenye kijito, tumbo lilikwaruza mawe kwa sauti iliyomfanya muuzaji afumbe macho. Katikati ya mlima Mama Futi alimwamuru dereva asimame, kisha aondoke tena. Gari lilitetemeka, likazima. Mara ya pili likazima tena, na harufu ya klachi ikajaa ndani. Mara ya tatu dereva alilishusha kinyumenyume, na kutoka nyuma tukamsikia mganga mkuu akiuliza kama familia yake imeshapigiwa simu.

Gari la pili lilipanda. Halikupanda kwa mbwembwe, lilijikokota tu, lakini liliposimamishwa mahali palepale liliondoka bila kelele. Likakata kona ya tangi la maji kwa mara moja, likageuka uwanjani mwa zahanati kwa mara mbili. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa, mganga mkuu aliteremka, akajifuta vumbi, akasema, "Andikeni la pili." Kisha akamgeukia Mama Futi na kumpa mkono wake mbele yetu wote.

Wiki mbili baada ya magari kufika, la kwanza kupanda mlima ule lilimshusha mama mwenye uchungu. Alijifungulia wodini kwetu, pacha, wote wazima. Mama Futi alipopata habari aliacha kazi mezani, akaenda wodini, akasimama mlangoni kitambo akiwatazama. Mkunga alimkaribisha ndani. Alitikisa kichwa, akasema amewaona, inatosha, akarudi karakana. Siku hiyo hakuna aliyethubutu kumpelekea fomu. Magari yote manne bado yako barabarani.

Mama Futi, hospitali inakushukuru. Madereva wanakushukuru, hata wale uliowarudisha getini kwa sababu ya tairi. Wauguzi wanakushukuru kwa sababu wanasimama wima ndani ya gari na mikono yao inafikia dawa. Wengi walioletwa hapa wakiwa hai hawatajua kamwe kwamba kuna mtu aliyekataa kusaini ununuzi.

Tunajua pia kwamba aliyetuchagulia magari kwa miaka yote hii hajawahi kumiliki lake. Sasa yeye na mumewe, mzee wetu, mwalimu wa hesabu mstaafu, wameamua kununua moja, na mzee ameanza kujifunza udereva akiwa na miaka sitini na sita. Mabinti zao wawili wamemkataza mama yao katakata asimfundishe baba yao. Basi tunakuombea afya njema, mama yetu, na siku nyingi za raha nyumbani kwako. Mwache mzee aendeshe. Wewe kaa pembeni yake, ufungue kioo, utazame nje.