Mgeni Ambaye Sikumhesabu

Kuku wangu sitini wa mayai walikufa ndani ya siku nne. Siku ya tano nilisimama mlangoni kwa jirani yangu nikamwambia, mbele ya watu, kwamba yeye ndiye aliyewawekea sumu.

Naanza na hilo, ndugu zangu wa kikundi, nisije nikalikwepa. Nitasema haraka kidogo, mtanivumilia, leo situlii.

Tunaishi Kashai, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo nyuma. Mume wangu alipoachishwa kazi, uwanja huo ndio uliotulisha: upande huu banda, upande ule matuta ya mchicha, kabichi na nyanya chungu. Mayai nilipeleka kwa mama ntilie kila asubuhi. Nilikuwa na daftari la kuku: wangapi wametaga, nani hajala. Wanaonijua walisema naandika mpaka chafya zao.

Siku moja mama mkwe alikuja kutoka Muleba na mkungu wa ndizi, kahawa ya kutafuna, na tetea mweusi aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mnajua kwetu: kuku wa zawadi hakataliwi, wala humwachi nje kama mali ya mtu mwingine. Unamfungulia aingie kwa wenzake, mleta zawadi akiona. Nikamfungulia. Mama akafurahi: "Waitu, mwanangu, sasa amefika kwake."

Kesho yake tetea alijikunyata. Nikadhani ni uchovu wa safari. Siku chache baadaye wangu wakaanza: mabawa chini, kinyesi cha kijani, shingo zimepinda. Mkiniuliza chanjo, niliwapa mara moja tu, nikadhani inatosha.

Jirani aliponisikia nikitaja sumu, alijibu bila kupandisha sauti. "Dada, sumu inanunuliwa. Mimi hata chumvi nakuomba wewe." Watu walicheka. Mimi nilizidi kumtukana.

Bwana mifugo alikuja mchana ule, akaniuliza kama wiki mbili hizo banda limepata mgeni. Nikasema hapana, hata watoto wangu hawaingii. Nikampa daftari kwa kujiamini kabisa. Akasoma kurasa zote, kisha akainama akaokota nyoya.

"Kuku wako wote ni wa kahawia. Hili jeusi ni la nani?"

"Huyo si mgeni," nikasema. "Ni zawadi."

"Mama, huyo zawadi ndiye mgeni mwenyewe."

Akanieleza kwamba ni kideri, ugonjwa wa kuku wa kuambukizana, kwamba chanjo hurudiwa kila miezi mitatu, kwamba kuku mpya hukaa peke yake kwanza. Nawaambia, sikuwa namsikia vizuri. Nilikuwa namfikiria jirani yangu.

Nilimkuta akiosha sufuria. Nikasema yote. Hakuacha kuosha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi lete hiyo ndoo, unisaidie kusuuza."

Tulisuuza sufuria zote. Kesho yake aliniletea miche ya kabichi.

Tulizika kuku, tukachoma maranda, tukapaka banda chokaa, likakaa tupu miezi mitatu. Miezi hiyo tulikula na kuuza vya matutani tu. Kisha nyinyi hapa mkanichangia vifaranga, kila mmoja wawili, watatu. Leo ni arobaini na wanataga. Wakola waitu, asanteni sana. Na wewe jirani, uliyejificha nyuma ya nguzo hapo, nilikutukana hadharani, basi na msamaha nakuomba hadharani.

Nililojifunza nawapa hivi: zawadi ipokee kwa mikono miwili, halafu iweke kwenye tenga lake wiki tatu, hata mleta zawadi akinuna. Kuku hajui heshima zetu.

Ni rahisi kulisema hapa. Juzi mama mkwe alikuja tena, na tetea mwingine. Nimemweka kwenye tenga nyuma ya jiko. Mama akamtazama, akaniuliza, "Amekosa nini?" Nikamweleza kideri, chanjo, wiki tatu, kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho. Tangu hapo hajagusa chakula changu, na kila nikitoka jikoni namkuta amesimama karibu na tenga.

Nilipokuja hapa nilimwacha nyumbani peke yake na huyo tetea. Banda halina kufuli.